Kitenge cha mama chamrudisha Nyamizi ziwani

Saa nne asubuhi jua la Mpanda limeshachachamaa, lakini chumbani kwa Nyamizi Telesphor ni giza. Dirisha kaliziba kwa blanketi. Mwanga wa nje, anasema, unamdanganya macho.

Kwenye skrini, mwanamke anazama Ziwa Tanganyika akiwa amejifunga kitenge chekundu. Ndani ya maji kinaonekana cheusi kama masizi. Nyamizi anasogeza kipanya kidogo, anatulia, anasogeza tena. Wekundu unarudi taratibu.

"Maji yanakula nyekundu kwanza," anasema. "Ukishuka kidogo tu, imeisha. Mi ndo naitafuta."

Nyamizi, 29, anarekebisha rangi za video. Harusi na vipaimara ndivyo vinavyomweka mjini. Hii ni filamu yake ya kwanza. Ilipigwa Kapalamsenga, kijijini kwao, na kitenge hicho mwigizaji alikiazima kwa mama yake Nyamizi, Esteria.

Kitenge hicho ni nusu tu; nusu nyingine anayo Nyamizi. Mama alikikata katikati asubuhi binti alipoondoka, miaka minne iliyopita. Kila mwaka Nyamizi anaahidi kwenda kumwona, na kila Jumamosi kuna bibi harusi wa mtu.

Kipande chake ndicho alichokitumia kupimia rangi. Alikianika juani, akakitazama, akaingia ndani kukifananisha na cha kwenye skrini. Alijiona mjanja kweli.

Mwongozaji, Maximilian, akaenda kuionyesha kazi hiyo Kapalamsenga. Wavuvi wakacheka. "Hilo ziwa la wapi nyie? Maji yamepauka hivyo!"

Maximilian hakucheka. Alimpa Nyamizi nafasi moja ya mwisho, la sivyo picha zinahamia kwa fundi mwingine Dar es Salaam.

Nyamizi akampigia mama yake simu, akitaka kujua kosa liko wapi.

"We mwanangu, hicho chako unakivaa?"

"Kila wiki, mama. Nakifua, nakianika."

"Basi kimepauka. Changu hakijawahi kufuliwa."

Akisimulia hapo, Nyamizi anavua miwani na kuifuta, ingawa ni safi. Esteria hajawahi kukivaa kitenge chake. Kimekaa sandukuni miaka yote minne, kikingoja siku binti atakaporudi, wakivae wote wawili waende kanisani. Wapiga picha aliwapa kwa sababu tu aliambiwa Nyamizi ndiye atakayezishughulikia picha hizo.

"Nimemkumbuka mama mpaka inauma," anasema. "Nilidhani ni mimi tu ninayengoja."

Alimwomba amtumie kipande hicho kwa basi. Esteria akakataa katakata.

Jumamosi hii Nyamizi ameikataa harusi. Atapakia kompyuta, akae ufukweni siku mbili tatu, ayatazame maji na kitenge kwa macho yake, kisha amalizie kazi hukohuko.

Zawadi ya kumpelekea mama hajanunua. Alipouliza alete nini, aliambiwa alete kile kile kilichopauka.