Mzio wa Mama

Mimi hufundisha Kiswahili katika shule ya upili, na nakiri bila kuzungukazunguka kwamba siku ile Kiswahili kilinitia aibu. Nilikuwa nimempeleka mama kliniki ya macho mjini Kisii. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umeanza kumharibia macho, hata akichuma chai kwetu karibu na Ogembo alikuwa akipapasa majani kwa vidole.

Daktari alitaka picha ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho. Sista wa zamu akaeleza: mboni zingepanuliwa kwa dawa ya matone, kisha rangi ya manjano ingedungwa kwenye mshipa wa mkono, na kamera ingeifuata ikipita jichoni ili ionyeshe panapovuja. Ngozi na mkojo vingegeuka manjano kwa siku moja hivi. Yote hayo nikamfupishia mama kwa lugha yetu, kwamba ni sindano tu, haina shida, naye akakubali. Sista alikuwa mtu wa pwani, na Kiswahili chake nilikitamani.

"Mama, una mzio wowote?" akauliza.

"Mzigo ni ile ya ndizi tu," mama akajibu. "Nimeacha hapo kwa mlango."

Nilicheka. Kisha, kwa ile tabia yangu ya kumsemea, nikajibu mimi: "Hana."

Sista hakucheka. "Nimemuuliza mama, mwalimu. Muulize kwa lugha yenu, tafadhali."

Rangi ilikuwa tayari kwenye sindano, na kando yake trei ya dawa za dharura. Niliudhika, maana foleni ilikuwa ndefu na mimi si mtu wa subira. Hata hivyo nikainama, nikamuuliza kwa Ekegusii kama kuna dawa iliyowahi kumvimbisha au kumbana pumzi.

Mama akasema ipo moja, sindano aliyodungwa wakati mimi bado nanyonya. Uso ulivimba, koo likafunga, na jirani akaninyakua kutoka mikononi mwa mama akidhani mama anakufa. Jina la dawa hakuwahi kulijua.

Sista akaiweka sindano chini, akamwita daktari. Daktari akaamua rangi isitumike siku hiyo. Mama akapigwa picha kwa mashine nyingine inayotumia mwanga tu, nayo ikaonyesha maji yamevujia katikati ya retina. Daktari alisema tumewahi, matibabu yapo.

Tuliketi kwenye benchi kungoja karatasi. Nilitaka kulia. Miaka nenda miaka rudi nimekuwa nikimwita mama mwoga kila alipokataa sindano, nikimkemea mbele ya watu, hata mbele ya wakwe zangu, naye hakunijibu hata siku moja. Nilimshika mkono, ule wenye ngozi ngumu ya chai.

"Sasa leo ulikubali kwa nini, mama?"

Akanigeuzia uso, mboni zimepanuka, hanioni vizuri.

"Si wewe ulisema haina shida?"