Nyuma ya Jukwaa, Kwenye Matope

Watu wenye akili zao, mvua ikianza kunyesha, huingia ndani. Mama Nailoni hutoka. Tena hutoka akiwa amejiandaa: gambuti miguuni, gauni limepigwa fundo juu ya magoti, na mfuko wa nailoni kichwani, umebanwa kwa vibanio vilevile anavyobania nywele za wateja wake. Ndiyo asili ya jina. Mwanzoni lilikuwa la kumcheka. Yeye akalichukua, akamwita mchora mabango, akaliandikisha kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa saluni yake, na waliokuwa wakicheka wakabaki hawana pa kuanzia.

Ni msusi. Saluni yake ni chumba kimoja chenye viti viwili, kioo kilichopasuka pembeni, na mashine ya kukaushia nywele inayonguruma kama ina kinyongo na mtu. Mwaka mzima kazi yake ni kupigana na maji. Mteja hutoka pale nywele zimenyooka, zimelala, zinang'aa, kisha manyunyu kidogo tu yanazirudisha zilikotoka. Ndiyo maana wateja humshangaa. "Mama Nailoni, wewe unayejua mvua inavyoharibu, unaendaje kusimama uwanjani kutwa nzima uloe?" Naye hujibu bila kuinua macho kutoka kwenye utosi anaousuka, "Mwaka mzima naikimbia kwa ajili yenu. Siku moja niachieni nisimame nayo mwenyewe."

Siku yenyewe ni ya tamasha la muziki. Hufanyika kila mwaka kwenye uwanja ulio nyuma ya kiwanda cha matofali, na kila mwaka hunyeshewa. Msidhani ni mkosi. Uwanja ni wa timu ya mpira, na miezi ya jua timu haiutoi kwa mtu yeyote. Huutoa msimu wa mvua, wakati ambao hata wenyewe hawautaki. Udongo wake ni uleule unaofyatuliwa matofali. Ukilowa unang'ang'ania mguu, na ukiuvuta kwa hasira unakuachia mguu, wenyewe unabaki na kiatu. Kila tamasha likiisha, vijana wa timu huzunguka wakichimbua ndala na viatu vya kuchuchumia, na mwaka mmoja walichimbua meno ya bandia ambayo mwenyewe hakujitokeza hadi leo.

Mama Nailoni hakuwa akienda peke yake. Alikuwa akienda na dada yake, mshonaji, mtu mwembamba na mkimya, mwenye pini mdomoni hata siku asizoshona. Walianza kwenda wakiwa wasichana. Wakaolewa, wakaenda. Wakazaa, wakaenda. Mmoja akafiwa na mume, mwingine wake akamfukuza mwenyewe, na bado wakaenda.

Walikuwa na taratibu zao. Walisimama mahali pamoja tu, chini ya spika kubwa za mkono wa kushoto, kwenye bonde dogo ambako maji yote ya uwanja huja kupumzika. Ndipo mahali pabaya kuliko pote, na kwa hiyo hapakuwa na wa kugombania. Simu waliziacha nyumbani, maana tope lilishazimeza za kutosha. Na hawakuulizana. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwuliza mwenzake, "Mwaka huu utakuja?" Swali kama hilo lingekuwa tusi. Kila mmoja alitoka kwake kivyake, akashuka bondeni, akamkuta mwenzake au akamsubiri.

Kisha ukaja mwaka jana. Mama Nailoni alikuwa kwenye foleni ya choo. Aliporudi alimkuta dada yake ameketi kwenye tope, ameukumbatia mkono wake wa kulia, midomo imemkauka. "Nimeteleza," alisema. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika, na ule ndio mkono wa kazi. Cherehani ikafunikwa shuka, ikakaa kimya miezi.

Mtoto wa yule dada, kijana wa ofisi ya bima, mtu anayeiona ajali hata ndani ya kikombe cha chai, akaitisha kikao cha familia, wakwe zake wakiwemo. Walikaa sebuleni kwa mshonaji, kwenye makochi yenye vitambaa alivyovitarizi mwenyewe. Kijana akakohoa, akasema mbele ya wote, "Mama mdogo, mama alikuwa mzima. Wewe ndiye uliyemwingiza kwenye mambo ya kitoto, mpaka umemvunja mkono. Naomba sasa yaishe."

Mama Nailoni aliweka kikombe chini. Angeweza kusema kwamba hata hakuwepo, lakini utajiteteaje mbele ya dada yako aliyefungwa plasta hadi kiwikoni? Alimtazama tu dada mtu, akisubiri aseme yeye. Neno moja lingetosha. Mshonaji aliinamia kikombe chake, akakoroga chai iliyokwisha kukorogwa, na hakusema kitu. Hapo ndipo Mama Nailoni alipoumia. Maneno ya kijana yalipita sikio hili yakatokea lile. Kunyamaza kwa dada yake kukabaki kumemkaa rohoni kama mwiba.

Mwaka ukapita hivyohivyo. Walikutana kwenye shughuli za familia, wakajuliana hali, wakazungumzia vikohozi vya wajukuu. Mkono ulipona, ila umepinda kidogo, na cherehani ikarudi kazini taratibu. La tamasha halikuguswa. Siku zilipokaribia, mteja mmoja anayeishi jirani na mshonaji akamtonya Mama Nailoni huku akioshwa kichwa, "Mwanawe ameapa. Anasema piga ua, mama yake hakanyagi uwanjani mwaka huu."

"Hayo ni yao," alisema Mama Nailoni, akammwagia maji ya baridi bila kukusudia.

Angemwuliza dada yake? Thubutu. Kumwuliza ni kumbembeleza, na yeye ndiye aliyestahili kubembelezwa, si kubembeleza. Lakini asubuhi ya tamasha, alipokuwa akifunga saluni, alichukua mifuko miwili ya nailoni. Mmoja akajivika. Wa pili akaukunja vizuri, akautia kifuani.

Mvua ilikuwa imeanza tangu alfajiri na haikuwa na mpango wa kwenda popote. Alipofika langoni mwa uwanja, alisimama akapepesa macho. Jukwaa lilikuwa limegeuzwa. Wenye tamasha walikuwa wamepata akili: wamelielekeza upande wa juu, penye mteremko na kokoto, ili watu wasizame kama mwaka jana. Umati wote ulikuwa kule, miavuli kwa makoti ya plastiki. Bonde lao lilikuwa limebaki upande wa mgongo, kati ya jenereta na vyoo, halina mtu, limejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa.

Alifikiri kidogo. Dada akija, ataelekea wapi? Akapiga moyo konde, akateremka bondeni.

Hakukaa sana, mlinzi mwenye koti la plastiki la njano akamfuata, akinyanyua miguu kama kuku aliyekanyaga ulimbo.

"Mama, umepotea. Jukwaa limegeuzwa. Watu wako kule juu."

"Nimewaona."

"Hapa huoni kitu, mama yangu. Utaona migongo ya wanamuziki tu."

"Basi nitatazama migongo. Nyuso zao nimeshaziona miaka yote."

"Lakini hapa ni nyuma ya jukwaa. Haparuhusiwi mtu."

Mama Nailoni akashika kiuno. "Mwanangu, mimi nimesimama hapa tangu wewe hujazaliwa. Sijaenda nyuma ya jukwaa. Jukwaa ndilo limekuja kunipa mgongo. Kama kuna wa kufukuzwa, nenda ukalifukuze hilo."

Mlinzi alitazama jukwaa, akamtazama yeye, akatazama gambuti zake mwenyewe zilivyokuwa zikididimia. "Ukizama mimi simo," alisema, akaondoka zake.

Ikapiga bendi ya kwanza, ikapiga ya pili. Kwa nyuma muziki ulifika umefunikwa, besi nyingi na maneno kidogo. Maji yakapanda, yakaingia kwenye gambuti kwa juu. Mteja wake mmoja, binti aliyesukwa jana yake, alipita kuelekea chooni akiwa chini ya mwavuli, akamwona, akaangua kicheko. "Mama Nailoni! Umeadhibiwa?" Naye akamjibu, "Angalia misuko yako, isije ikakuadhibu wewe." Alicheka naye, lakini binti alipopita kicheko kikakatika.

Aliogopa. Mvua hakuiogopa, na mlinzi ndiyo kabisa. Aliogopa kwamba dada yake alinyamaza siku ile kwa sababu aliafikiana na mwanawe. Kwamba miaka yote hiyo mshonaji alikuwa akija kumridhisha mdogo wake tu, na sasa amepata sababu ya kupumzika. Ikiwa ni hivyo, basi yeye ni mwanamke mzima aliyesimama peke yake kwenye dimbwi, akitazama turubai la nyuma ya jukwaa. Wazo hilo lilimwuma hata akatamani kukaa chini.

Mvua ikamwagika kwa nguvu zake zote. Muziki ukakatika. Kule juu watu wakaanza kukimbia, miavuli ikagongana, wengine wakajibanza chini ya magari. Mama Nailoni akainua uso, maji yakampiga mashavuni.

"Nyesha!" aliiambia mvua. "Nyesha tukuone! Siondoki!"

"Umesimama mahali pangu," ilisema sauti nyuma yake.

Mshonaji alikuwa akija kutoka upande wa vyoo, ameloa chapachapa, nywele zimemganda usoni. Mguu wa kushoto alikuwa amevaa gambuti. Wa kulia alikuwa na ndala, imefungwa kwa mifuko na utepe wa kupimia nguo, mizunguko mingi, hadi kwenye ugoko.

"Gambuti nyingine iko wapi?" aliuliza Mama Nailoni, maana hilo ndilo pekee lililomjia kinywani.

"Mwanangu ameificha. Kajifanya mjanja, kachukua ya mguu mmoja akaondoka nayo. Kadhani nitakaa na ile moja nikiitazama." Akashusha pumzi. "Nimeitafuta asubuhi nzima. Mwishowe nikasema potelea mbali."

"Na ulijuaje niko huku? Jukwaa limegeuzwa."

"Nilipoona limegeuzwa nikajua yule mbishi hatageuka nalo."

Mama Nailoni akatoa ule mfuko wa pili kifuani. Akamkusanya dada yake nywele, akazisukuma ndani, akambana vibanio huku na huku, kama afanyavyo kazini. Kisha akauliza lile alilolibeba mwaka mzima, "Dada, mbona siku ile ulininyamazia?"

Mshonaji alipangusa maji usoni. "Niliona aibu," alisema.

Kabla hajaendelea, wakasikia mtu akiita. Kijana wa bima alikuwa akiteremka bondeni, viatu vya ofisini miguuni, mwavuli umepinduka mkononi, na nyuma yake mlinzi wa koti la njano akimwonyesha kwa kidole. "Mama! Nimekutafuta uwanja mzima! Nimeulizia bibi mwenye gambuti moja, wananicheka!" Alipomwona Mama Nailoni uso ukabadilika. "Mama mdogo, si tulishaongea? Unataka avunjike na mkono wa pili?"

Mama Nailoni akafungua mdomo. Safari hii alikuwa na la kumwambia, tena refu. Lakini dada yake alimshika kwa ule mkono uliopinda, akambana kweli.

"Nyamaza. Leo ni zamu yangu." Akamgeukia mwanawe. "Mwaka jana mama yako mdogo alikuwa chooni. Hakunivuta, hakunisukuma, hata hakuniona. Nilikuwa nacheza."

"Unacheza?"

"Nacheza. Peke yangu, nimefumba macho. Nikazunguka, nikaruka, nikaanguka. Nikaona haya kukwambia, wewe na wakwe zako mmekaa pale na vikombe vyangu, kwamba mama yako amevunjika kwa kurukaruka. Nikamwacha mwenzangu alaumiwe. Hilo ndilo kosa, na ni langu." Sauti ilimpanda mpaka mlinzi akarudi hatua nyuma. "Na leo nimekuja kucheza tena. Kwani mimi nimeumbwa kushona tu?"

Kule juu, fundi wa mitambo alikuwa amefunua spika. Gitaa likajaribiwa, ngoma ikaitikia, na bendi ikaanza upya hata kabla watu hawajarudi kutoka walikojificha.

"Shika," alisema mshonaji, akamtupia mwanawe mkoba aliokuwa ameuning'iniza begani.

Wakageukia turubai, bega kwa bega, wakaanza. Mama Nailoni alikuwa akilia na hakujali nani anaona, maana kwa mvua ile nani angejua. Matope yaliwarukia hadi kwenye nailoni za vichwani. Dada mtu akafumba macho, akazunguka kwa mguu wa gambuti, akafuatia na ule wa ndala, na mdogo wake hakumwambia awe mwangalifu.

Kijana alitaka kurudi kule penye kokoto. Akavuta mguu, mguu ukaja bila kiatu. Akabaki amesimama na soksi moja, mkoba wa mama yake kifuani, maji yakimtiririka shingoni hadi ndani ya shati, akiwatazama wale wawili.

"Mama mdogo," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini, "hakuna mfuko mwingine?"

Mama Nailoni hakuacha kucheza. "Mwaka huu huna," alisema. "Mwakani nitakuletea wako."