Fundi wa nyama aliyeozesha kulungu wake mwenyewe

Saa moja asubuhi, taa ya banda imewaka, na kabla hajashika kisu Urho Niemela anataka jambo moja lieleweke: safari hii mjinga ni yeye, asitafutwe mwingine.

Mbele yake, kwenye ndoano, ananing'inia dume wa kulungu ambaye mji mzima wa Salo Creek umemzungumzia kwa siku tatu. Pembe zake zina ncha kumi na mbili. Urho anapitisha kisu pajani, anafuata mfupa mpaka kwenye nyonga, anafungua. Kisha anasimama.

Nyama imegeuka rangi, kijani kibichi kandokando ya mfupa. Harufu inakuja polepole, halafu yote kwa pamoja. Shemeji yake Arlene, anayefunga nyama kwenye karatasi mezani, anabaki na mkasi hewani.

"Fungua na paja la pili," anasema.

Analifungua. Ni baya kuliko la kwanza.

Urho, 57, anakata nyama ya mawindo kaskazini mwa Michigan, ambako Novemba ikifika hata shule hufungwa watu waende msituni. Kiangazi huezeka mapaa. Novemba hukata kulungu wa watu, dola 120 kwa mnyama, wanyama 140 hivi kwa wiki mbili. "Hizo ndizo kuni zangu mpaka Machi," anasema.

Anajulikana kwa mdomo kuliko kwa kisu. Kila anayeshusha mnyama mlangoni pake huulizwa swali lile lile: "Umeua wa kula au wa kutundika?" Akijibu wa kutundika pembe ukutani, hupata mahubiri ya bure. Dume mwenye pembe kubwa, Urho humweleza, ni mzee. Wiki hizi hali chakula, halali usingizi, anakimbizana na majike na kupigana na wenzake, na nyama yake hunuka jasho la mapenzi. Chakula ni jike mchanga. Na aliyemzungusha mnyama wake mjini siku ya joto hurudishwa na mzigo wake papo hapo. Mwaka jana alimrudisha hata mchungaji.

"Nilimwambia akaizike maiti yake kwa ibada," anasema Urho. Leo hacheki.

Jumamosi alfajiri alikuwa amejibanza kwenye shamba la Hilja Saari, mjane wa miaka 83. Makubaliano yao yana miaka ishirini na sita na hayajaandikwa popote: Urho anawinda peke yake kwenye ekari arobaini za mjane huyo, na friza ya Hilja inajaa kabla ya Krismasi. Bibi huyo hanunui nyama. Pensheni yake huishia kwenye mafuta ya kupashia nyumba joto. Kila mwaka huagiza kitu kimoja: jike, mchanga.

Jike alikuja. Hatua thelathini, ametulia, anakula. Urho alikuwa ameshamlenga pale nyuma yake kilipochomoza kile kichwa.

"Friza ya Mama Hilja ilinitoka akilini," anakumbuka. "Niliona pembe tu."

Jike akakimbia, dume akaanguka. Hata hapo maji yalikuwa hayajamwagika. Dume yule, japo mgumu, angemtosha Hilja mpaka theluji iyeyuke. Lakini mbele ya baa kuna boriti ndefu ambako madume hutundikwa pembe zipimwe, na mashindano huchukua siku tatu, na mshindi hupata bunduki. Urho akamtundika na ngozi yake. Jua likatoka, nyuzi joto kumi na tano, Novemba ambayo kwa kawaida ni ya barafu. Kila aliyepita alisimama kumpiga picha mnyama, na mwindaji akahakikisha hakosekani pembeni.

Arlene alimwonya mara mbili. "Shemeji, ungekuwa mteja ungeshajifukuza," alimwambia. Akamjibu kuwa usiku kuna baridi.

Bunduki yenyewe hakuipata. Alishika nafasi ya pili.

Mchana Urho ananawa mikono mara tatu, anavaa shati safi, anakwenda kwa Hilja. Jikoni kahawa iko tayari na sufuria kubwa limeshatolewa kabatini. Ukutani kuna picha ya marehemu Eino, mume wa Hilja: mfupi, masikio kama vishikio vya kikombe. Bibi anaitazama mikono ya Urho. Haina kifurushi.

Anamweleza yote. Hilja anakaa kitini taratibu, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

"Yote?"

"Yote, Mama."

"Hata ulimi?"

"Hata ulimi."

"Na wewe ndiye fundi," anasema, kwa sauti ndogo.

Urho anajitolea kununua nyama ya ng'ombe. Anaambiwa hakuna aliyeagiza ng'ombe. Basi anatoa mpango wake: kibali cha jike bado kiko mfukoni, siku tano za msimu zimebaki, na theluji inatarajiwa usiku, kwa hiyo nyayo zitaonekana. Kesho atafunga banda saa sita, wateja wasubiri, naye hatatoka shambani mpaka apate. Hilja anaitikia kwa kichwa.

Angeishia hapo angekuwa salama. Lakini Urho ni Urho. Anaongeza kwamba mtu yeyote angefyatua, kwamba dume kama yule huonekana mara moja maishani, na kwamba laiti Mama angemwona alivyosimama, mzuri vile, naye angemsahau jike.

Hilja anammiminia kahawa, bila haraka.

"Aliyenichumbia kwanza ni kaka yake Eino," anasema. "Mrefu, mzuri, kila mtu alisimama kumtazama. Nikaolewa na Eino, na kwa miaka hamsini na mbili sufuria hili halikulala tupu."