Kabla ya kumchagulia Mdachi darubini ya bunduki, muulize kwanza saa anaisomaje

Wakuu wa baraza, habari za mihangaiko.

Hili sikusimuliwa na mtu. Mkono huu ninaoandikia ndio ulioziba kioo cha darubini ya Bwana wangu. Atakayesema ni kamba na aseme, mimi nilikuwepo.

Kwa wasionijua: ni mtu wa Kondoa, nimeoa Ugogoni, na kazi yangu ni kumbebea bunduki Mdachi mmoja, Mjerumani anayepima ardhi hapa Dodoma. Kabla ya hapo nilikuwa kuli pale stesheni, na ndiko nilikojifunza kusoma saa. Hilo la saa liwekeni akiba, tutalihitaji.

Sasa, kaka wa mke wangu anaitwa Ndahani, ana zizi lake Makutupora. Simba alimzoea. Alianza na ndama, akaja kwenye madume, mwisho akamchukua mama mmoja jirani akienda kuchota maji. Mke wangu akawa hapati usingizi. Kila akisikia mbwa anabweka anakaa kitandani na kutaja jina la kaka yake.

Nikamwomba Bwana atusaidie, akakubali. Tatizo, simba yule alikuwa mjanja. Ukimsogelea tu kashapata harufu, huyo kaondoka. Ilibidi apigwe kwa mbali sana, na kwa mbali macho matupu hayatoshi.

Ndipo zikaja darubini mbili kwa gari moshi, za kufungwa juu ya bunduki.

Ya kwanza ilikuwa ndefu, inang'aa, nzuri hata kwa kuitazama. Ukichungulia unaona mchwa anapanda kichuguu kule ng'ambo. Lakini unamwona mchwa huyo huyo tu, pembeni yake giza. Na jua likipanda, mvuke wa ardhi unachezacheza humo mpaka kichwa kinauma.

Ya pili fupi, haina mbwembwe. Haileti kitu karibu sana, ila inakuonyesha uwanja mzima.

Bwana akaniuliza ipi. Nikasema fupi. Akacheka, akafunga ndefu. Wakuu, mnajua mambo ya vitu vinavyong'aa.

Tukaenda kuijaribu pori la Ipagala, kibuyu juu ya kichuguu. Bwana akachora duara mchangani, akaniambia nifikirie kibuyu kiko katikati ya uso wa saa. Yeye apige, mimi nitazame vumbi kwa ile darubini fupi, nimwambie risasi imeangukia saa ngapi.

Rahisi, si ndiyo? Nami saa naijua.

Akapiga. Vumbi likaruka kushoto. Nikasema, "Saa tatu, Bwana."

Akazungusha skrubu ya darubini, akapiga tena. Vumbi likaenda kushoto zaidi. Nikasema saa tatu tena. Akazungusha, ikazidi kukimbia. Jasho likaanza kumtoka, mimi nikaanza kuogopa, maana hasira ya Bwana ikikosa pa kwenda huwa inakuja kwa aliye karibu. Mwisho akasema ni upepo. Kwa kuwa upepo wa Dodoma sote tunaujua, nikashukuru Mungu tukaondoka.

Naomba niingize kituko hapa. Bwana yule Kiswahili alijifunzia kitabuni. Wiki aliyofika alimwambia mpishi ataamka mapema, uji uwe mezani saa saba. Mpishi akauleta saa saba kweli, jua la utosi, Bwana ameshinda njaa na kununa. Tulicheka jikoni hadi machozi. Tukacheka, tukasahau.

Siku ya kazi tukafika Makutupora asubuhi, hakuna upepo hata wa kutikisa jani. Tulimsihi Ndahani abaki ndani ya tembe, akakataa. Alisema simba amezoea kumwona na ng'ombe wake, asipomwona atajua kuna jambo. Basi akabaki malishoni na mkuki wake, mbali kidogo, upande wa kushoto wa pale simba alipokuwa amelala na mzoga wake.



Tukalala kifudifudi juu ya mwamba. Bwana akalenga, akafyatua.

Vumbi likaruka kushoto kwa simba. Simba akainua kichwa, akashangaashangaa, akakaa. Kwa ule umbali hakujua mlio umetoka wapi.

Nikanong'ona, "Saa tatu, Bwana."

Bwana akaitika kwa kichwa. Halafu nikaona mdomo wa bunduki unasogea. Unasogea kushoto.

Nikadhani anatafuta pa kuegemeza. Ukazidi kwenda kushoto, ukatulia. Nikaangalia kwenye darubini yangu fupi mstari ule unaishia wapi. Unaishia kwa Ndahani. Ameinama, anamtoa ndama mwiba.

Nikaelewa Bwana hamwoni. Katika ile ndefu yake, iliyopindwa na zile skrubu, kulikuwa na nyasi na ukingo wa manyoya ya simba, basi. Na hapo hapo, sijui kwa nini, nikauona ule uji wa saa saba.

Kidole chake kilikuwa kinabana. Kupiga kelele ningemshtua akafyatua. Kumshika Mdachi mkono mnajua malipo yake, hamsa ishirini, yaani ishirini na tano, za kiboko hadharani, na wapo waliokufa nazo. Nilimfikiria mke wangu. Nikanyoosha kiganja nikaziba kioo.

Giza likamwingia jichoni. Kidole kikalegea.

Alinigeukia taratibu, uso mwekundu, akauliza kama nimechoka kuishi. Nikasema, "Bwana, toa saa yako."

Sijui kilichomfanya atii. Akaitoa mfukoni. Nikaugusa upande wa kushoto, pale penye tisa yao, nikamwuliza mshale ukiwa hapa anasemaje.

"Saa tisa," akasema.

"Sisi tunasema saa tatu, Bwana."

Akaitazama saa, upande wa kulia penye tatu yake. Akanitazama mimi. Nikampa darubini fupi, nikamwelekeza kule bunduki ilikokuwa imeelekea. Alipomwona Ndahani ameinama na ndama wake, aliishusha bunduki mwambani kwa mikono miwili.

Simba naye akajinyanyua zake, akaingia vichakani.

Kiboko sikupigwa. Ahsante pia sikupewa. Ila jioni ile Bwana mwenyewe alifungua ile ndefu, akaifunga fupi, na tangu siku hiyo risasi ikienda pembeni tunasema kushoto, kulia, juu, chini. Habari za saa zimebaki za uji.

Funzo langu kwa mnaochagua darubini: msiulize tu inaona mbali kiasi gani. Ulizeni inamwonyesha nani aliyesimama pembeni. Na kama wawili mtaifanyia kazi, hakikisheni saa yenu ni moja.

Simba yule alipigwa baadaye, kwa ile fupi. Lakini Ndahani hajanisamehe ile siku ya kwanza. Hakuna aliyemwambia kuwa bunduki ilimwelekea yeye. Juzi alikuja kula kwangu, ugali wa uwele kwa mlenda, akaanza tena mbele ya dada yake.

"Shemeji, simba amelala wazi namna ile, mnamwacha aondoke? Uliogopa nini?"

Mke wangu aliinama akamwongezea mlenda. Mimi nikasema ni kweli, niliogopa, nikamsogezea ugali.

Wakuu, mngekuwa ninyi mngemwambia? Wenye uzoefu wa darubini na wenye uzoefu wa mashemeji, karibuni wote.