Siku Niliyofagia Ufukwe

Siku ya kwanza kazini tulikuwa wanne: mimi; Mukamana, binti wa shangazi yangu, aliyenitafutia kazi; Pina, mfagiaji wa zamani na jirani yake Mukamana; na Bwana Salvo, mkuu wa hifadhi, aliyemwoa dada wa Pina. Hifadhi yenyewe ilikuwa kisiwa cha Italia, Bahari ya Mediterania. Wakanipa reki, wakaenda zao.

Kwetu Rwanda asiyefagia hana heshima. Nikakuta ufukweni matuta ya majani makavu, yamefika magotini, yananuka. Kufika saa nane nimezoa yote. Nikasimama nisifiwe.

Bwana Salvo akashika kichwa. "Mama Odette, umeuvua ufukwe nguo, na baridi inakuja."

Kumbe si takataka, wala si mwani. Ni nyasi za bahari, zina mizizi na maua, samaki wachanga wanajificha humo. Majani yake yakifa, mawimbi yanayatupa pwani, na tuta lile ndilo linalozuia bahari isile mchanga. Tulirudisha yote kwa toroli, Pina akinicheka kwamba sisi Wanyarwanda tutafagia hata kivuli.

Salvo akastaafu, akaja Bwana Renzo. Huyo alisema wageni hawapendi harufu, akaleta trekta. Nilimwonya mara tatu, mpaka nikachoka.

"Kazi yako ni reki," akanijibu.

Baridi ikaja, mawimbi yakala ufukwe, yakabaki mawe. Hata maua meupe yaliyoota mchangani yakaenda nao. Asubuhi Renzo akaja kwangu, viatu vimelowa. "Mama, mchanga umekwenda wapi?"

"Uliza trekta."

Mchanga ulichukua miaka kurudi, na si wote.

Sasa nimestaafu, niko Niboye, hapa Kigali. Shamba langu dogo liko mteremkoni, nayaacha majani ya parachichi yashike udongo. Kila umuganda, siku ya kusafisha mtaa, mkuu wa mudugudu, yaani kitongoji chetu, Emmanuel mume wa Vestine, jirani yangu wa chini, ananiambia, "Mukecuru, bibi yetu, unatuaibisha." Namweleza, haelewi. Mwezi uliopita nikiwa hospitali yeye na wenzake walinifagilia yote, eti wananisaidia. Mvua moja tu, udongo wangu wote mlangoni kwake. Akaja kuuliza huo udongo ni wa nani.

Nikamwambia ni wangu, aurudishe kwa toroli.

Ikiwa nimekosea jina au ujamaa wa mtu, anayejua anisahihishe. Kuhusu majani, asijisumbue.