Kozi Mbili za Matofali

Mama alianguka jikoni asubuhi akipika uji. Wakati huo mimi nilikuwa kazini, kwenye lodge moja juu ya mji wetu wa Karatu, upande wa kuelekea geti la Ngorongoro, nikifunga chakula cha mchana cha wageni wanaoshuka kreta. Simu yangu ilikuwa kwenye kabati la wafanyakazi. Mpishi mkuu alikuja akanigusa bega, akaniomba nitoke nje kidogo, akanieleza. Nikamwambia nimeelewa. Kisha nikarudi mezani nikamalizia maboksi yaliyobaki. Yai la kuchemsha, ndizi, paja la kuku, juisi. Nikayafunga yote, nikafuta meza, ndipo nikavua aproni. Wenzangu walidhani sijaelewa nilichoambiwa. Nilielewa vizuri kabisa.

Tulimzika shambani, nyuma ya nyumba. Sikulia. Shangazi zangu walinitazama, mmoja akaniambia nisijizuie, lakini sikuwa najizuia. Hakukuwa na kitu cha kuzuia. Nilipika, nilipokea wageni, nilijua nani hajapata chai.

Tulipoanua tanga kila mtu akarudi kwake. Kaka yangu, ambaye ndiye mkubwa, akarudi Dodoma kazini. Lodge ilikuwa imefungwa kwa sababu ya masika, wageni hakuna, kwa hiyo mimi nikabaki nyumbani na baba. Baba ni mtu mrefu, mkimya, aliendesha trekta kwenye shamba la kahawa mpaka alipostaafu, na maisha yake yote hajawahi kupika hata chai. Majirani walituletea chakula kwenye hotpoti, halafu taratibu wakaacha, kama ilivyo kawaida. Nikaanza kupikia mkaa barazani. Jikoni hatukuingia, si yeye wala mimi, na hatukuwahi kulizungumzia jambo hilo.

Jiko letu ni kibanda kando ya nyumba kubwa. Baba alilijenga kabla sijazaliwa, kwa matofali ya kuchoma, dirisha lake dogo kama daftari. Ndani kulikuwa na mafiga matatu, juu yake uchaga wa kukaushia mahindi, na masizi ukutani yaliyoganda mpaka yanang'aa kama lami. Mama aliniomba miaka mingi tulirekebishe. Kila mara nilimjibu, "Mwakani, mama." Mimi kazini nilikuwa napikia kwenye jiko la chuma lenye feni ya kuvuta moshi, halafu wikiendi nakuja kumkuta anakohoa, macho mekundu.

Siku moja mvua ilinifukuza barazani na mkaa wangu, nikaingia. Kando ya mafiga palikuwa na sufuria, uji umekaukia ndani ukapasuka kama tope la bwawa. Nikaitoa nje nikailoweka. Nilipogeuka nikaona nyundo ya baba imeegemea ukuta, nikaichukua nikaanza kubandua lipu. Sikuwa nimepanga chochote. Nilibandua mpaka mikono ikashindwa kukunjika. Baba alikuja akasimama mlangoni, akatazama, akaenda zake. Aliporudi aliniletea beleshi.

Kaka akapiga simu. "Nasikia unabomoa jiko."

"Sibomoi. Nalitengeneza."

"Si uite fundi? Mafundi wamejaa hapo Karatu."

"Nataka kufanya mwenyewe."

"Unajua kujenga wewe?"

"Sijui," nikasema, na kweli sikujua.

Siku ya nne hivi, nikiwa nachanganya saruji uani, mama jirani alipita. Huyu ni mwanamke wa Singida, alikuja huku na mumewe zamani kuchuma kahawa, na kahawa ilipoisha msimu alibeba zege kwenye majengo. Alikuwa rafiki wa mama. Yeye ndiye aliyemkuta pale chini. Alisimama akatazama mchanganyiko wangu, akauchota kwa vidole.

"Mwanangu, huu ni uji," akasema, kisha ghafla akashika mdomo.

"Niongeze mchanga?" nikauliza.

"Ongeza. Na maji usimwage kama unaogesha ng'ombe."

Akavua sweta, akafunga khanga kiunoni. Tangu siku hiyo alikuja kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala kwenye kahawa. Alinifundisha kukamata mwiko wa fundi, kuvuta kamba, kusoma pima maji. Tulitoboa dirisha kubwa upande wa shamba. Tulimwaga zege sakafuni. Kazi ya namna hiyo inakufaa ukiwa katika hali niliyokuwa nayo, maana haikuulizi unajisikiaje. Tofali moja lilianguka likanipiga mguuni, ukucha ukang'oka, nami nikautazama kama mguu wa mtu mwingine. Mama jirani ndiye aliyepiga kelele.

Ndipo, akiwa ananifunga kitambaa kwenye kidole, aliponieleza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza.

"Nilimkuta bado anapumua," alisema bila kuinua uso. "Nikamwita, akafungua macho. Unataka kujua alisema nini?"

Hakungoja jibu langu.

"Alisema, 'Uji unamwagika.' Basi. Hakusema kingine. Nikamwambia achana na uji, lakini alikuwa anautazama tu."

"Uliutoa?"

"Niliutoa. Nikauweka kando, akafumba macho."

"Asante," nikasema.

Nilitegemea kitu kitokee kifuani mwangu. Nilikaa pale juu ya ndoo iliyofunikwa nikakingoja, kama mtu anayengoja chafya. Hakikutokea. Mvua ilianza tena, tukaingiza saruji ndani ili isilowe.

Wiki iliyofuata nilijenga kaunta. Hiyo niliijenga peke yangu kabisa, kwa sababu mama jirani alikuwa amekwenda mnadani. Kuta fupi tatu za matofali, juu yake mbao, nondo, halafu zege, na nafasi ya sinki katikati. Sikupima kwa futi. Nilisimama mahali penyewe, nikaweka mkono usawa niliouona sawa, nikachora ukutani kwa kipande cha mkaa. Nilijenga kutwa nzima. Kuta zilikuwa zimenyooka, pima maji ilikubali. Kabla ya kumwaga zege nilizifunika kwa maturubai zikauke.

Kesho yake mama jirani aliingia, akaweka ubao juu ya zile kuta, akajifanya anakata vitunguu. Yeye ni mfupi. Ulimkaa vizuri mno.

"Hebu simama wewe," akaniambia.

Nikasimama. Ilinibidi niiname kama mtu anayefua nguo kwenye beseni. Nikajaribu kupanua miguu, haikusaidia. Nimerithi urefu wa baba.

Mama jirani alinitazama. "Umejenga kwa kimo cha mama yako," akasema polepole.

Nilitaka kumbishia. Nikatazama ile alama ya mkaa ukutani na mkono wangu ukakumbuka wenyewe. Ni pale pale palipokuwa kiuno chake, mahali nilipokuwa nikimshika nikipita nyuma yake kufuata chumvi. Nikakaa sakafuni. Sikulia hata hapo, lakini kwa muda sikusikia alichokuwa anasema, niliona tu mdomo wake.

Alimwita baba. Baba alikuja akasimama katikati ya jiko, kichwa karibu kinagusa boriti. Mama jirani akamweleza. Baba akazitazama zile kuta, akapitisha kiganja juu ya tofali la mwisho.

Huwa anaongea nami Kiiraqw, lugha yetu ya nyumbani, na Kiswahili kwa pamoja, sentensi moja ianze huku iishie kule. Siku hiyo alisema kwa Kiswahili kitupu, kama anaongea na mgeni.

"Yeye hapiki tena. Ongeza."

"Naweza kuiacha hivi, baba. Nitazoea."

"Utaumia mgongo. Ongeza."

"Kiasi gani?"

Akaja akasimama kando yangu, bega kwa bega, akaweka ngumi yake usawa wa kiuno changu. Halafu akaitazama, akaipandisha kidogo.

"Na mimi nitahitaji kupika hapa," akasema. "Wewe utarudi kazini."

Tukaongeza kozi mbili, yaani mistari miwili ya matofali. Baba mwenyewe alinipa matofali, moja moja, akilifuta kila moja vumbi kwa mkono kabla ya kunikabidhi, ingawa hakukuwa na haja. Mama jirani alituacha, akasema ana maharage motoni.

Tulimaliza kabla ya lodge kufunguliwa. Nikapiga lipu, nikapaka chokaa nyeupe, nikabandika vigae juu ya kaunta, viwili vikakaa upande, nikaweka makabati ya vyombo, moja juu ukutani na jingine chini ya kaunta. Sinki ina bomba lenye maji, isipokuwa siku maji yakikatika. Kaka alikuja kutoka Dodoma, akapiga picha, akasema, "Safi sana, hata fundi asingefanya hivi." Akawatumia ndugu wote. Nikawa napokea pongezi kwenye simu, nami nawajibu asante, asante, asante. Shangazi mmoja aliandika kwamba mama angefurahi. Labda. Labda angesema dirisha linaingiza baridi.

Kilichobaki kilikuwa gesi niliyoiweka badala ya mafiga. Baba aliiogopa. Nilimfundisha kuwasha kiberiti kwanza ndipo afungue, naye alikuwa ananyoosha mkono mpaka mwisho na kugeuza uso pembeni kama anayechomwa sindano. Nilipoanza tena kazi nikawa narudi nyumbani siku za mapumziko tu, na nilijua katikati ya wiki anakula mkate.

Jumapili moja nilifika mchana, nikakuta mlango wa jiko umefunguliwa wazi na baba yuko ndani, kofia kichwani, amesimama mbele ya moto wenyewe. Anakaanga mayai. Mafuta yalikuwa mengi mno, yanaruka.

"Chumvi inawekwa saa ngapi?" akaniuliza bila kugeuka.

"Sasa hivi."

Akaweka. Akatazama, akaongeza. Tulikula tumesimama kwenye kaunta, kutoka kwenye kikaango kilekile, kwa mkate. Mayai yalikuwa hayaliki kwa chumvi. Aliniuliza kama yako sawa, nikamwambia yako sawa, naye akanijibu kwa Kiiraqw kwamba mimi ni mwongo. Nikanywa maji vikombe viwili. Kisha nikaosha kikaango, yeye akakifuta, akauliza vyombo vya namna hiyo vinawekwa kabati gani.

"Lolote unalotaka," nikasema.

Akafungua la juu, akalifunga, kisha akachagua la chini.