Alama Nyekundu Kwenye Ampli

Mimi Massoudi ni fundi wa redio hapa Buyenzi, na nimechoka. Miaka thelathini nawaambia watu neno lile lile: geuza mashine, soma namba ya ohm nyuma yake, ndipo utafute spika. Hawasomi. Wanapenda spika kubwa yenye taa zinazowaka, wanaiunganisha na ampli ya zamani ya kukuzia sauti, na wiki haijaisha wananirudishia ampli inanuka moshi. Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumanne alikuja mzee Népomuscène wa Ngagara, mstaafu wa wizara. Mafuta yamekosekana mjini, basi alikuja kwa miguu, ampli imefungwa kwenye kitenge cha marehemu mkewe, Adélaïde. Jumamosi hiyo ingekuwa siku ya kuganduka, ya kumaliza matanga yake ya mwaka mzima, na spika za nyumbani zilishaliwa na panya. Aliniachia mashine niisafishe. Angerudi alasiri na binti yake kuchagua spika nyingine.

Nikaisafisha kama ninavyosafisha zote. Vumbi, kutu, uchafu wa vidole. Kwenye kitufe cha sauti kulikuwa na doa jekundu, nikalisugua kwa pamba yenye spiriti mpaka likatoka. Hata nilijisifu.

Waliporudi, binti, Mélissa, alikwenda moja kwa moja kwenye spika ndefu kuliko zote.

"Papa, tukamate hizi. Watu watakuwa wengi, watasema nini?"

"Hizo ni za ohm nne, zinavuta nguvu nyingi," nikamwambia. "Hii ampli inataka nane. Ni muzee. Ukimuomba nguvu nyingi hatakatala, atatoa tu mpaka aungue."

Népomuscène hakuwa akitusikiliza. Alikuwa ameinamia kitufe, anakipapasa kwa kidole gumba.

"Fundi, alama iko wapi?"

Nikauliza alama gani, ingawa nilikwishajua.

"Adélaïde alipaka hapo rangi ya kucha. Dimanche tukitoka misa, mi napandisha sauti, yeye anasema, fika hapa, inatosha. Miaka makumi mbili."

Nikamwambia ukweli, kwamba nimeifuta mimi. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Alikaa tu kwenye kiti changu, na uchovu wa njia zote mbili ukamshukia hapo hapo.

Nilikuwa na jozi moja ya ohm nane: masanduku ya mbao, kitambaa kimechanika, miaka mingi hakuna aliyeyaulizia. Nikayaunganisha, nikaweka kaseti yake ya kwaya kwenye deki yangu.

"Funga macho, muzee. Zungusha we mwenyewe."

Akazungusha polepole. Waimbaji wakajaa kibandani. Akapitiliza, akarudi nyuma kidogo, akaacha.

"Ni hapa."

Mélissa aliyatazama yale masanduku, akamtazama baba yake. Habari ya watu hakuitaja tena. Akatoa mkobani kichupa cha rangi ya kucha, ya zambarau, si nyekundu, akaweka nukta pale baba alipoonyesha. Mimi nilisimama na pamba yangu mkononi, nimeona haya.

Ilipokauka nikasema kwamba Jumamosi, watu wakijaa, wanaweza kupandisha sauti kidogo, ampli itavumilia.

"Apana," akasema Népomuscène, anakunjua kile kitenge. "Amesema inatosha."